Meno ya Hamidu Hayachimbuliwi

Jumatatu, 7 Aprili
Nepi tena. Mtaa wa Kihonda mzima umelowa mvua, hakuna kinachokauka. Hamidu anaharisha tangu jana, maji matupu. Macho yameingia ndani.
Mama mkwe kashuka kutoka mlimani na ndizi zake. Sijamaliza shikamoo, keshamtia mjukuu kidole mdomoni. "Mume wangu ana meno ya plastiki, ndiyo yanayomharisha." Kwao yupo mama anayeyachimbua kwenye fizi kwa spoku ya baiskeli. Kesho anampandisha huko. Hakuniuliza.
Nimekasirika.

Jumanne, 8 Aprili
Nimemwahi. Mtoto mgongoni, moja kwa moja zahanati. Nesi kanipa ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki.
Nilimuuliza: hali kitu, haya maji yanatoka wapi? Kumbe ni ya mwilini mwake. Sumu ya vijidudu inanata kwenye ukuta wa utumbo. Haichani kitu. Inatuma amri ya uongo ndani ya seli: fungua. Seli inatii, inamwaga chumvi, maji yanaifuata chumvi. Bomba halijifungi.
Ila mlango mwingine bado mzima. Chumvi ikiongozana na sukari inapokelewa, na maji yanaingia nayo. ORS haifungi bomba, inarudisha yanayopotea. Utumbo ukiota seli mpya, bomba litajifunga.
Darasa la saba langu limetosha kuelewa. Spoku kwenye fizi itafunga bomba gani?

Jumatano, 9 Aprili
Bado anaharisha. Mama mkwe anacheka kwa uchungu: "Dawa gani hiyo, inaingia huku inatokea huku?"
Baba Hamidu yuko kibaruani Mikese. Kapiga simu: msikilize mama. Nikakata.
Mchana mama mkwe akaja na kanga ya kumbebea. Nikakaa mlangoni, mtoto kifuani. Nikamwambia, mama, heshima yako iko palepale, lakini huyu hachokonolewi. Kaniita jeuri. Sawa. Jeuri mimi.
ORS kijiko kwa kijiko. Akitapika nasubiri, naanza tena. Ziwa pia simnyimi.
Naogopa sana. Mama mkwe asijue.

Alhamisi, 10 Aprili
Nesi kamwangalia tena, kasema endelea.
Mdomo una mate leo. Kalia, machozi yakatoka. Sijawahi kufurahia kilio hivi.
Mama mkwe hasemi na mimi. Ila nilivyosinzia nimekaa, nikazinduka kikombe kiko mkononi mwake, anamnywesha. Polepole, kama mimi.

Ijumaa, 11 Aprili
Mvua imekata. Nepi moja tu tangu asubuhi, na choo kizito kama uji.
Hamidu kamkojolea bibi yake mapajani, mkojo mwingi. Bibi hakunyanyuka. "Mume wangu hana adabu," kasema, akaendelea kumpepea.
Baadaye akampitishia kidole kwenye fizi, akaniangalia. "Meno bado yapo."
Yapo, mama. Acha yaote.