Vidole Viwili Karibu na Shingo

Jumatatu, 3 Machi
Nisamehe, daftari. Miezi miwili sijakugusa. Tangu nimwache mtoto kwa mama, kila nikishika kalamu machozi yanatangulia. Nikaona heri tunyamaziane.
Leo tumeligongesha ukutani gari la tatu. Aina ileile, mwendo uleule, na sanamu yetu ya majaribio ileile kwenye usukani — Bwana Kimya. Kifua chake kimebonyea milimita 33. Gari la kwanza 41, la pili 40. Sasa hii 33 imetoka wapi?
Mhandisi kafurahi, eti gari limejirekebisha lenyewe! Sikucheka.

Jumatano, 5 Machi
Nimekula nimesimama. Kitanda kidogo nilichomnunulia mtoto bado kina nailoni yake.
Leo kanipigia kwa simu ya bibi yake, anauliza: Mwezi ukiisha utanichukua kweli? Nikamwambia, mkataba mpya ukisainiwa tu, mama. Kanijibu nilisema hivyohivyo juzi.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi wa kamera kaniita nione picha zilizopigwa kabla ya kugonga. "Dada, huyu umemfunga kama unampeleka chekechea!" Yeye anacheka, mimi nikaisogelea skrini.
Mkanda uko juu, umesogea upana wa vidole viwili karibu na shingo. Haukupita katikati ya kifua, penye kipimo; ndiyo maana kikasoma 33. Ndivyo ninavyomfunga mwanangu, maana huuteremsha begani makusudi. Jumatatu nilitoka kuongea naye kwenye simu, nikaingia garini, mkono ukafanya ulichozoea. Rula haikutoka mfukoni. Na fomu nilisaini: mkanda umepimwa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia mhandisi. Hakufoka — afadhali angefoka. Ripoti inatoka Jumatatu, wenye gari wameipenda hiyo 33, na mkataba wangu uko mezani kwake, bado hajausaini. "Vidole viwili tu, mama."
Nikamwambia hizo milimita ni mbavu za mtu. Kisha akasema: haya, andika, lakini jina chini liwe lako.
Basi naandika hapa kwanza, nitanakili baadaye.
Jaribio la tatu lifutwe. Kosa ni langu. Naomba niletewe:
gari moja, aina ileile;
mkanda mpya, ambao haujawahi kuvutwa;
mbavu za Bwana Kimya, seti nzima;
mtu wa pili, wa kukagua mkono wangu.
Na mama anitumie fulana moja ya mtoto. Asiifue.