Mama Mkwe Anayetetea Wadudu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka kwa hasira, maana hapa nyumbani nimegeuzwa mbaya wa kila mtu na kosa langu silioni. Mimi ni msusi, saluni yangu ni chumba cha mbele, na nyuma ya nyumba kuna bustani ya nyanya na kabichi ambayo mama mkwe aliianzisha alipokuja kuishi nasi miaka minne iliyopita, na sikatai, tumekula humo, lakini msimu huu kabichi zimevamiwa na vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaojibana chini ya jani na kulifyonza mpaka linajikunja, na nyanya nazo zina inzi weupe, ukigusa tawi tu wanaruka kama majivu yaliyopulizwa, nikamwambia mama tununue sumu tumalize kazi, akasema hapana, wajukuu wanachuma nyanya na kula hapo hapo, haya, nikasema basi nitatumia njia za asili kama anavyotaka yeye.

Sasa sikia vituko. Kwenye kabichi nikaona wadudu weusi, warefu kidogo, wana miba mgongoni na madoa ya rangi ya machungwa, wabaya wa sura mpaka mwili unasisimka, nikajua hawa ndio wazazi wa balaa lote, nikachukua kibano changu cha nyusi na kila asubuhi kabla wateja hawajafika nawanyofoa mmoja mmoja nawatia kwenye kopo la maji ya moto, na mama mkwe amesimama nyuma yangu, "Mwanangu, hao waache, hao ni wa kwetu." Wa kwetu! Tangu lini mdudu akawa wa ukoo? Yeye hao weusi hawagusi, anahangaika na sisimizi wasio na hatia, anawamwagia majivu shinani, tena akachukua mafuta yangu ya mgando ya kupaka wateja, akayapaka kwenye vifuniko vya njano vya ndoo na kuvitundika kwenye nyanya, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama huyu mama ana akili timamu.

Jumamosi iliyopita nikachanganya sabuni ya unga na shampuu, nikapulizia bustani nzima saa saba mchana, jioni majani yameungua, mama akaja saluni na jani mkononi, mbele ya wateja watatu, akaniuliza, "Mwanangu, kwa nini hukuniuliza?" Hasira zikanipanda, nikamwambia kama anawapenda wadudu kuliko wajukuu zake aende akaishi nao. Akafungasha nguo zake akaenda kwa wifi yangu, ambako analala chumba kimoja na watoto watatu, na magoti yake yale mabovu, na mume wangu tangu siku hiyo ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu, jioni anapitia kwa dada yake, anarudi ameshakula. Na wadudu, mshauri, wameongezeka mara kumi! Nipe dawa ya asili ya kuwamaliza, na uniambie nitamrudishaje mume wangu mezani bila kumpigia magoti mtu aliyeniaibisha mbele ya wateja.

Msusi mwenye uchungu

*

Dada msusi, pole kwa kabichi. Pole nyingine kwa sasa sina.

Kazi yangu ni ndoa na familia, kwa hiyo barua yako nilimpelekea mwenzangu wa ukurasa wa kilimo. Alipofika pale pa kibano aliweka kikombe cha chai chini akasema, "Huyu dada anawaua walinzi wake." Unamjua yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, ambaye watoto humwacha atembee mkononi? Wale weusi wenye miba ni watoto wake, na chakula chao ni vidukari, mamia kwa mamia. Wewe umewachemsha, kisha unashangaa vidukari wameongezeka! Na hao sisimizi wako wasio na hatia hulamba utamu unaotoka kwa vidukari, na ili wasiukose huwafukuza wadudu wanaowala. Vifuniko je? Inzi weupe hufuata rangi ya njano, wakitua wananasa kwenye mafuta. Mama huyo alikuwa akilinda nyanya wanayokula watoto wako, nawe ukamfukuza kwenye nyumba ya mwanawe mbele ya watu wenye povu kichwani.

Eti alikuaibisha. Alikuuliza swali moja, tena akakuita mwanangu. Nimesoma barua mara mbili nikitafuta tusi lake, sijaliona. La kwako nimeliona bila miwani.

Haya, bustani kwanza, maana ndiyo rahisi. Kibano kirudi kwenye nyusi. Majani yaliyozidiwa na wadudu yakate, uyafunge kwenye mfuko, uyatupe mbali. Vidukari waliobaki wapige kwa maji ya nguvu chini ya jani, asubuhi, siku tatu mfululizo. Wakikaidi, kwangua sabuni ya kipande, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, jaribu kwenye jani moja, na lisipoungua hadi kesho yake, pulizia jioni jua likishapoa, chini ya majani, ambako ndiko hao wadudu na inzi weupe wanakoishi. Ukiona mweusi mwenye miba, ruka jani hilo. Sabuni ya unga ni ya nguo na shampuu ni ya kichwa! Majivu na vifuniko viendelee, na mafuta ya mgando toa mwenyewe.

Sasa lile gumu. Unataka mume arudi mezani bila wewe kumwendea mama yake. Haiwezekani, na hata ingewezekana nisingekufundisha. Mumeo haendi kula kwa dada yake. Anakwenda kukaa na mama yake, aliyebanwa chumba kimoja na watoto kwa ajili yako.

Kesho funga saluni. Wale wateja watatu waliokusikia, wafuate uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba mama alikuwa sahihi. Kisha nenda kwa wifi yako peke yako. Usimtume mume, usijifiche nyuma ya kilo ya sukari. Usiseme "kama nilikukosea". Ulimkosea. Sema, "Mama, wewe ulijua, mimi sikujua, na nikakufukuza." Halafu nyamaza. Asipokujibu, usianze kujitetea. Akikwambia hayuko tayari kurudi, itikia, nenda nyumbani, na kesho yake urudi tena.