Mirija ya Wenzangu

Agri uko wapi? Nimetoka maabara sasa hivi, nina hasira kweli.

Leo sisi watahiniwa wa kujitegemea tulikuwa na jaribio la vitendo la Baiolojia. Nimepima wanga, nimepima protini, rangi zimetoka safi kabisa! Nikajisemea, mwaka huu nafaulu, naacha kudeki zahanati, naenda kusomea uuguzi.

Mwalimu Emilian akatoka kupokea simu. Mimi huyo nikaona mirija ya majaribio michafu mezani.

NIKAIOSHA.

Agri, nimeosha yangu na ya wenzangu wanne, na hakuna aliyekuwa ameandika majibu! Miaka kumi na moja nafanya usafi pale zahanati ya Kinampanda, nikiona chombo kimetumika mkono unaenda wenyewe.

Dina, yule binti anayerudia mtihani, akaanza kulia. "Mama, majibu yangu yako wapi?" Yako kwenye sinki, mwanangu.

Emilian akarudi. Kijana niliyemzidi miaka kumi na mitano! "Mama Belinda, hapa hukuja kufanya usafi." Darasa zima likageuka kuniangalia.

Halafu akasema, "Basi, kwa kuwa umeshaanza, wenzako wakimaliza malizia na hiyo mirija mingine."

Unajua nilimjibu nini? "Sawa, daktari." Kama vile niko zahanati!

Na nikaiosha, Agri. Yote.