Onyo la Draiva Dukani kwa Shangazi

Manzese, Jumatano

Kaka Audax,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: kompyuta ya dukani niliivuruga mimi, si Fundi Edgar.

Sasa nikusalimu vizuri. Sijambo, na shangazi Auleria hajambo, uvimbe wa mguu umepungua. Natumaini kifua chako kimepona na kazi huko Dodoma zinaendelea. Nakuandikia barua kwa sababu simu ninayotumia ni ya shangazi, na ujumbe wote huwa anausoma.

Jumamosi Edgar alileta kile kifaa cha Wi-Fi cha kuchomeka, akakifunga, kikakubali. Jumapili baada ya ibada nilibaki dukani peke yangu. Bando lilikuwa linaisha saa kumi na bado lilikuwa na GB mbili. Niliona hasara kuziacha zipotee, nikasasisha mfumo wote wa Linux uliotuwekea Desemba, ingawa ulinikataza kuugusa bila wewe.

Jumatatu kompyuta ilipowaka ikaandika onyo refu lenye jina la draiva, ile programu inayokiendesha kile kifaa, na mtandao ukawa unakatika kila dakika chache. Wateja wa maombi ya ajira wakaanza kuhamia kwa jirani. Shangazi akamwita Edgar, akamwambia mbele yao kwamba vifaa vyake vinakuja na magonjwa yake. Watu wakacheka. Kisha akasema bila kucheka, "Umeniuzia kibovu, Edgar, na ulijua."

Edgar akajibu taratibu, "Mama, boksi lilikuja limefungwa, ukalifungua mwenyewe."

Mie nilikuwa nyuma ya mashine ya fotokopi, napanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Jioni ileile Mama Yustina wa saluni alimkataza Edgar kugusa kompyuta yake.

Jana shangazi alipokwenda kliniki nilinakili lile onyo, nikasoma mtandaoni walichoandika wengine waliolipata. Wengi walisema lilianza baada ya kuweka kerneli mpya, yaani kile kiini cha mfumo, ambayo huja na sasisho. Nikawasha upya na kuchagua kerneli ya zamani kwenye orodha ya mwanzo. Onyo halikutokea, na mtandao ulidumu saa tatu bila kukatika. Nikarudi kwenye mpya kuhakikisha, na onyo likarudi. Kwa hiyo kifaa ni kizima. Nimeiacha kompyuta kwenye kerneli ya zamani na kuizuia isijisasishe. Hatua zote nimeziandika kwenye karatasi ya pili, naomba uzikague.

Shangazi anasema ubovu umejificha tu. Jumamosi saa nne Edgar anakuja kuchukua kifaa chake.

Kaka, lililo gumu kuandika ni hili. Edgar alipolaumiwa, nilifurahi. Nilijisikia mwepesi kabisa, mpaka nilipomwona anakunja waya wake na kushindwa kuutia kwenye begi.

Najua shangazi hukupigia kila jioni. Akikuuliza kuhusu kompyuta, tafadhali usimwambie. Akilisikia kwako atanisamehe kwenye simu, yaishe, na Edgar hatajua. Jumamosi nitawasha ile kerneli mpya mbele ya wote wawili na wateja watakaokuwepo, walione onyo, halafu niseme ni nani aliyeiweka. Naomba ulifiche hadi saa nne hiyo.

Wasalimie wote hapo kwako.

Mdogo wako,
Kokuberwa