Mwambie Benno Awahi Kuwataja Wenzake

Johannesburg,
Jumapili, baada ya misa.

Dada yangu Gaudensia,

Shikamoo. Kabla hujaanza kusoma, kaa vizuri, maana anayekuandikia ni mtu ambaye bila yeye kampuni nne za chakula cha kuku za nchi hii zisingejua kesho ziuze kwa bei gani. Sijisifu. Nasema tu ili uisome kwa heshima, na uwasomee kwa sauti wale jirani zako wanaosema Otmar alikuja huku kushika fagio. Mgongo je? Na shemeji, kifua kimetulia? Dagaa wa usipa wanakauka vichanjani, au mvua zimewaharibia? Mimi mzima kabisa. Nimenenepa mpaka mkanda umeishiwa matundu.

Barua yako aliniletea fundi cherehani wa Liuli, na hii anarudi nayo yeye. Umefanya vizuri kutopiga simu. Mambo haya si ya kusemea hewani.

Nimeisoma mara tatu. Kwamba mwanao Benno, Mzee Ditram na yule mama wa Mbamba Bay mwenye Fuso, yaani hao watatu wanaonunua usipa wote hapo Lipingo, walikaa wakapanga bei moja ya debe, mtu asizidishe hata shilingi. Kwamba wavuvi wamelalamika, na sasa watu wa serikali wanaosimamia ushindani wa biashara wamewaita Mbamba Bay mwisho wa mwezi. Na kwamba kosa lote limo ndani ya daftari, kwa mwandiko wa Benno: sala ya kufungua, mahudhurio, yatokanayo, bei ya debe, mengineyo, sala ya kufunga. Sahihi ya mwenyekiti Ditram, sahihi ya katibu Benno.

Dada, nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Dunia nzima wenye biashara wanakula njama, lakini wanaoanza na Baba Yetu na kumaliza kwa sahihi mbili ni sisi tu! Na kweli, mimi ndiye niliyemwambia aandike. Nilimwambia, "Mpwa wangu, huku wakubwa wakikaa, katibu anaandika, na katibu ni mimi. Kikao bila muhtasari ni kilabu cha pombe ya komoni." Kijana akatii. Hilo si kosa langu, ni malezi yako mazuri.

Halafu unanililia kwamba hata wewe mama yake alikupimia kwa bei ileile. Kwamba ulimwomba akuongeze kidogo, maana mnunuzi mwingine hakuna na usipa ulishaanza kunuka, naye akakujibu, "Mama, kikao kimeshaamua." Sasa unalia nini? Mimi hapo ndipo nilipojua kwamba damu ya kwetu haijapotea.

Sasa sikiliza, nikufundishe dunia. Ulaya wakikukamata umepanga bei na wenzako, wanaweza kukukata mpaka fungu la kumi la mauzo yako ya mwaka mzima. Siyo faida, Gaudensia, mauzo! Hata kama mwaka huo ulipata hasara, unatoa. Kama zaka, ila hii hakuna anayekuombea. Huku Kusini nao hivyohivyo. Marekani wanakuvisha na nguo za jela juu yake. Na usidhani ukishaadhibiwa nchi moja umemaliza. Kama uliuza nchi tano, zote tano zinakungoja, kila moja na rungu lake. Na Tanzania sheria ipo, usije ukadanganywa kwamba ni mambo ya Wazungu.

Lakini kuna mlango mmoja. Anayewahi kwenda kukiri na kuwataja wenzake anasamehewa. Wa kwanza tu. Wa pili akipunguziwa kidogo ashukuru. Wa mwisho ni kitoweo.

Nimeyaona kwa macho yangu. Bosi wangu ndiye aliyewaita wenye zile kampuni nyingine tatu, Jumamosi, nyumbani kwake, kwenye nyama ya kuchoma. Mmoja wao alikuwa mzee mwenye kinu kidogo cha kusagia chakula cha kuku, anachechemea, hakutaka kupanga bei. Bosi akamwambia akikataa atauza chakula cha kuku bei ya bure mpaka kinu cha mzee kiote majani. Mzee akakubali, akala nyama, akaenda. Mwaka ukapita, zikasikika habari kwamba wachunguzi wanaulizauliza. Bosi hakumpigia mtu simu. Alivaa suti asubuhi, akaenda kuwaeleza yote, akarudi anapiga mluzi. Yeye alisamehewa. Wenzake faini, na yule mzee kinu kikafungwa.

Siku moja mzee akaja getini. Hakupiga kelele. Akasema, "Wewe ndiye uliyenilazimisha."

Bosi akamjibu, "Kweli. Lakini wewe ulichelewa kuamka."

Nikacheka, dada. Bosi akaniangalia, nikacheka zaidi. Kwenye kile kinu alikuwa anafanya kazi Mnyasa mmoja wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi, tulikuwa tunapanga naye chumba kimoja. Alirudi kwao na begi moja. Kitanda chake nakilalia mimi sasa. Kizuri, hakilii.

Basi Benno awahi. Unasema daftari liko kabatini kwa Mzee Ditram. Aende leo hii, aseme anataka kunakili muhtasari wa kikao kilichopita, mzee atampa bila kuuliza maana anamwamini. Akilishika tu, apande bodaboda moja kwa moja mpaka Mbamba Bay, amkute ofisa, aweke daftari mezani na aseme, "Mwenyekiti ni huyu." Asimngoje mama wa Fuso. Yule mwanamke ana gari na ana akili, na huenda sasa hivi unavyosoma ameshawasha injini.

Kama kwetu msamaha huo upo kama wa huku, sijaulizia vizuri. Akifika atajua.

Benno alinipigia juzi, anasitasita. "Mjomba, Mzee Ditram ndiye aliyenilipia sekondari." Nikamwambia, "Alikulipia ujue kusoma na kuandika, hakukulipia mzame pamoja." Akasema, "Ana sukari, mjomba, na mguu mmoja umeshakatwa." Nikamwambia, ndiyo vizuri, wenye mguu mmoja hawakimbii, atakuwa wa mwisho. Nikafikiri simu imekatika, kumbe analia. Mtu mzima ana ndevu! Mwambie nimesema aache. Huyo mzee ana miaka mingapi ya kuishi? Benno ana watoto wawili na ngalawa ya mkopo.

Nisalimie shemeji. Nisalimie baba mdogo wa Mbuji anayejidai hanikumbuki, na mama mkwe wa Benno, na katekista, mwambie bado nasali. Mke wangu wa zamani usimsalimie, ila hakikisha amesikia kwamba nimenenepa.

Lipo jambo moja lililobaki. Unasema Benno hataki kumtaja Mzee Ditram. Anataka kunitaja mimi. Kwamba atawaambia maofisa, "Mjomba wangu ni katibu wa vikao hivi Johannesburg, yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, mpigieni mumuulize kama ni kosa." Na kwamba namba ya kampuni ameshaiandika kwenye karatasi.

Dada, hiyo karatasi ichane. Wakipiga huku na kumuuliza katibu Otmar Ndunguru, hakuna atakayemjua. Mimi sikuwahi kuingia kwenye chumba walichokalia kikao. Nilikuwa nje, nageuza nyama. Mlango ni wa kioo, unafungwa, na nilikuwa naona midomo tu ikichezacheza. Kama kuna mtu aliandika, sikumwona akishika kalamu.

Ni mimi mdogo wako,
Otmar