Gunia la Unga Jukwaani

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani ukiwa mzima, wewe na mama na wote mnaokula chungu kimoja. Sisi huku hatujambo, tunashukuru. Mama anaendeleaje na magoti yake? Mwambie ile dawa ya kupaka niliyomtumia asiigawe kwa majirani, maana namjua. Shemeji yako anakusalimu sana. Bado yuko na friji zake mbovu, na kila jioni anarudi na habari za watu wanaotaka kutengenezewa bure kwa sababu eti ni jirani.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza jambo moja tu, kama chumba kiko tayari, kwa kuwa mafunzo yako ya uuguzi yanaanza mwezi ujao na ukikosa pa kukaa huku nafasi yako anapewa mwingine. Swali fupi, na jibu lake ni fupi vilevile, ila limenitoa jasho wiki nzima. Ningekupigia simu, lakini kuta za nyumba hii ni nyembamba, na mbele utaelewa kwa nini nimeanza kuziogopa. Hata barua hii naiandika kwa kuinuka inuka. Nakaa, naandika mstari, nakwenda kufagia jikoni ambako nimeshafagia, narudi. Sasa nimepiga moyo konde. Nitakueleza kwanza habari ya onyesho la vipaji, na usiseme nazunguka mbuyu, jibu lako limo humo humo.

Nilikwambia kwamba hapa mtaani tuna ghala la chakula. Ni ile stoo ya zamani ya mbao karibu na shule. Mwenye nacho anapeleka unga, mchele, mafuta, na aliyekwama anakuja kuchukua bila kuulizwa maswali. Sasa rafu zilikauka, kiasi kwamba mwenyekiti wake, yule mama muuguzi mstaafu, akawa anawarudisha watu mlangoni mikono mitupu, na wengine wamebeba watoto. Ndipo kamati ikaja na wazo la onyesho. Kiingilio kiwe chakula, na kura nazo ziwe chakula. Kila mshiriki anawekewa tenga lake mbele ya jukwaa, na ukimpenda mtu unatumbukiza pakiti yako humo. Mwenye tenga zito ndiye mshindi, kisha matenga yote yanaishia ghalani. Nilipenda wazo hilo, nikasema nami nitapeleka mchele wangu na kushangilia kama watu wengine.

Basi siku moja tuko mezani, mama mkwe, ambaye tunakaa naye, akakohoa. Kikohozi kile unakijua, nimekusimulia mpaka umechoka. Hukohoa hivyo kabla ya kuniambia kwamba taulo hazikunjwi namna ile, au kwamba kopo la chumvi likae rafu ya juu, si ya chini. Nikajua leo lipo jambo. Akasema amejiandikisha kwenye onyesho. Shemeji yako alicheka hadi akapaliwa, akamuuliza atafanya nini huko, ataimba au atacheza. Mama akamjibu kwamba tutaona tukifika, akaomba asogezewe bakuli.

Tangu siku ile sikutulia. Kazini niliunguza kola ya shati la mteja, mimi ninayesifiwa pasi pale kwa dobi. Unajua sababu. Mama mkwe mwenyewe alikuwa ametutangazia kwamba anahamia kwa mwanawe mdogo, yule dereva wa lori, na kwamba angeondoka Jumatatu baada ya onyesho. Miaka miwili nimeingoja Jumatatu kama hiyo. Ndiyo maana nilikuahidi chumba chake bila kusitasita. Sasa nikawa naona picha mbaya tu kichwani: bibi mzima anapanda jukwaani, mtaa mzima unamcheka, anajifungia chumbani kwa uchungu, safari inaahirishwa. Nakwambia ukweli wangu, nilichokuwa naogopa ni hiyo safari. Aibu yake haikunisumbua sana.

Ukumbi wa shule ulijaa pomoni. Alianza muuza nyama wetu, akaigiza sauti za wateja wake, yule wa kuomba mfupa wa mbwa na hana mbwa. Watu walivunjika mbavu, na nusu ya tuliokuwemo tulijijua. Wakaja wasusi, wakacheza vizuri mpaka mmoja akapoteza kiatu. Kisha akaitwa mama mkwe. Huku wanamwita Mama Fundi, kwa kazi ya mwanawe.

Aliingia na viatu vyake vya bapa na kata ya kitambaa kichwani. Nyuma yake wanaume wawili waliburuta gunia la unga, kilo ishirini na tano, unaliona jinsi lilivyo. Walipotaka kumtwisha aliwafukuza kwa mkono. Akachutama, akalipandisha gotini, akalitia begani, na hivi unashtukia liko kichwani, naye amesimama wima. Nikafumba macho. Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti kuuliza kama anafikisha mizigo hadi nyumbani, na mama bila hata kugeuza shingo akamjibu kwamba akishindwa kubeba wake aseme tu, atambeba na yeye juu yake. Ukumbi ukalipuka.

Akapanda ngazi za jukwaa bila kushika kitu. Akatembea huku na huku, akageuka, akakaa kwenye kigoda kifupi, akainuka. Halafu akatoa sindano na uzi mfukoni, gunia lile liko juu, akatunga uzi na kuuinua tuuone. Hapo hakuna aliyecheka tena. Miluzi na vifijo vilipoanza nilijikuta nimesimama na mimi, napiga makofi kwa mama mkwe wangu, jambo ambalo ungelitabiri ningekwambia umelewa. Nilimsahau yule wa taulo. Nilimwona mwanamke aliyeuza unga sokoni mpaka akasomesha watoto wawili, na hilo nalijua tangu nilipoolewa ila sikuwahi kuliona. Kitu kimoja kilinishangaza. Watu wote wale wanamshangilia, yeye hakuwatazama. Alikuwa anatazama safu ya mbele tu, walipokaa wanakamati. Nikadhani anataka sifa za wakubwa.

Mshindi alikuwa muuza nyama, maana wateja wake wote walikuja na wakajaza tenga lake. Mama alitoka wa tatu, na wala hakujali.

Tulipokuwa tunapakia chakula, mwenyekiti akanishika mkono akanipongeza. Akasema kweli walikuwa na wasiwasi na umri wa mama, lakini baada ya waliyoyaona kamati imekubali, anaweza kuanza Jumatatu. Kile chumba cha nyuma ya ghala kimeshafagiliwa, kimebaki kitanda tu. Nikamuuliza chumba gani. Naye akashangaa kwamba sijui. Kumbe mama mkwe alikwishakwenda kwa kamati kuomba kazi ya kutunza ghala: kufungua, kupokea mizigo, kupima, na kulala pale pale kulinda. Hakuna mshahara, ni chakula na mahali pa kulala. Walimkatalia wakisema panataka mtu wa kunyanyua magunia. Yeye akawaambia wangoje onyesho, kisha waamue. Nikamwambia mwenyekiti labda amechanganya watu, mama wetu anahamia kwa mwanawe. Akanitazama, akajifanya anahesabu pakiti.

Nilikwenda kukiona. Ni kijumba cha sakafu ya saruji, tundu moja la hewa karibu na dari, harufu ya magunia na sumu ya panya kwenye kona.

Sasa hapa, mdogo wangu, ndipo mkono unapokuwa mzito. Nilinyamaza. Nilirudi nyumbani naye, nimembebea kigoda chake, anacheka njia nzima kama msichana. Jumapili yote nikafua nguo zisizo na uchafu huku nakufikiria wewe, na sare nyeupe ambayo mama huko nyumbani ameshainunulia kitambaa. Nikajiambia kwamba hakuna aliyemfukuza, kachagua mwenyewe. Nilishapanga hata maneno ya kumwambia shemeji yako siku atakapojua.

Jumatatu asubuhi akatoka chumbani na begi lake limefungwa kamba. Akamwambia mwanawe asihangaike kumsindikiza, mdogo wake angempitia na lori. Shemeji yako akachukua simu ili amshukuru ndugu yake. Mama akamkataza haraka, akasema si vizuri kumpigia mtu akiwa anaendesha. Alivyosema vile, macho yake yako kwenye ile simu, nilishindwa. Nikayamwaga yote pale pale, ghala, kamati, kijumba, na Jumapili yangu ya kunyamaza.

Shemeji yako aliweka kikombe chini akamuuliza mama kama ni kweli. Akakubali. Akasema mwanawe mdogo alishamwambia wazi kwamba hana nafasi. Akasema pia kwamba siku moja alinisikia jikoni nikikwambia kwenye simu kwamba huyu akiondoka ndipo nitapumua, nawe ndipo utapata pa kusomea. Basi akaona heri aondoke kwa heshima, kwa kisingizio ambacho hakitamgombanisha mtu na mtu. Alisema msichana anayesoma anahitaji mlango wa kufunga, na yeye amelala kwenye unga nusu ya maisha yake. Hakusema kwa kunilaumu. Shemeji yako alilia, nami sikuwahi kumwona akilia, nikaona aibu ambayo hata sasa naandika haijanitoka.

Begi nililirudisha chumbani mimi mwenyewe. Ghalani anakwenda kila siku, anapima na kubeba na kuwagombeza wanaume wa kamati, ila kulala analala hapa. Lakini begi hataki kulipakua. Anasema chumba kimeahidiwa mtu na lazima mtu huyo aulizwe. Kila asubuhi anatoa gauni moja, kisha anafunga kamba tena.

Nimemwambia alipakue tu, kwa sababu jibu lako halitabadilisha kitu. Hilo ndilo nililoshindwa kukuandikia wiki nzima. Chumba ni chake. Nilikupa ahadi na nimeivunja, na najua inaweza kukugharimu masomo. Kilichobaki ni sebule: kochi, pazia ambalo shemeji yako ameahidi kulitundika, na bibi anayeamka kabla ya jua. Kama unaweza kusoma hivyo, njoo, nitakupokea kwa mikono miwili. Kama huwezi na nafasi ikapotea, basi niliyeipoteza ni mimi dada yako, na mama yetu asikudanganye vinginevyo.

Msalimie yeye na jirani zetu wote, na mwambie nitamweleza mwenyewe, asikutume kuniuliza. Nijibu upesi, hata kwa hasira, nitazipokea zote. Ila nakuomba jambo moja, na najua sina haki ya kuomba. Barua yako mama mkwe atataka nimsomee, anaingoja kuliko mimi. Nitukane humo upendavyo. Usiandike tu kwamba ulikihitaji kile chumba, kwa maana akilisikia hilo, atakwenda.

Ni mimi dada yako akupendaye, aliyekukosea.