Rameni ya Josefina

Jumanne, 4 Juni
Nimepunguza suruali, nimebadili zipu. Mke wangu Josefina ametapika chai. Ugali hataki hata harufu. Nesi amesema Jumatatu atampima tena. Uzito ukishuka analazwa, anawekewa dripu. Mimba ya kwanza iliharibika ikiwa na umri huu huu. Naogopa.

Kitu kimoja tu anakitamani: rameni, tambi za Kijapani kwenye supu. Ameiona kwenye simu. Mpanda nzima sijui anayeuza. Nimesema nitampikia mimi. Fundi cherehani! Amecheka. Wiki nzima sikuwa nimesikia kicheko chake.

Jumatano, 5 Juni
Nimetazama video mpaka bando limekata. Supu naiweza, ni mifupa na subira. Tambi ndiyo shughuli. Unga wa ngano, chumvi, na dawa fulani ya Kijapani inayofanya tambi zivutike. Madukani wananishangaa tu.

Baadaye nikasoma dawa yenyewe inavyofanya: inabadili rangi ya unga, na ikizidi chakula kinanuka sabuni. Nikacheka peke yangu. Si magadi hayo? Ya kulainishia maharage. Yapo jikoni kwenye kopo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeloweka magadi, nimeacha uchafu utuame, nimechuja kwa kitambaa cha bitana. Nikamimina kwenye unga.

Unga ukageuka njano. Mbele ya macho yangu. Hakuna yai, hakuna rangi. Nilisimama na mikono yenye unga.

Donge gumu, linagoma. Nikalipumzisha, nikalisukuma hadi likawa jembamba, nikakunja, nikakata kwa kufuata rula. Nimezianika tambi kwenye kamba ya nguo za wateja. Ndefu, za njano, zinacheza na upepo. Siamini ni kazi yangu. Mteja aliyefuata kaptula ameondoka bila kuichukua, anageuka nyuma kutazama.

Ijumaa, 7 Juni
Mama amefika kutoka Kasansa kumuuguza mkwewe. Nikaenda kutafuta mifupa ya nguruwe kwa wauza kitimoto. Kurudi, kamba tupu.

Mama amezikaanga zote. Mafuta, sukari, hiliki. Kama tambi zinavyopikwa kila nyumba. "Nyie watu wa mjini mnaanika tambi kama soksi? Nimekuokolea, baba."

Josefina amekula kijiko kimoja kwa heshima. Kikarudi. Maji nayo yakarudi.

Nimemfokea mama yangu. Amekaa nyuma ya nyumba, analia kimya kimya. Nina hasira na nina aibu, vyote pamoja.

Jumamosi, 8 Juni
Mifupa jikoni tangu alfajiri. Josefina hajashika chakula. Macho yameingia ndani.

Nimeanza unga upya. Mama amekuja, amenisogeza kwa kiwiko, akakanda. Donge lililonigomea mimi likamtii yeye. Tumepatana hivyo.

Mchana supu imegeuka nyeupe. Nyeupe kabisa, kama maziwa. Mama amefunua sufuria, akafunika, akafunua tena.

"Umetia maziwa?"

"Hapana, mama."

"Imetoka kwenye mifupa mitupu?"

Tukasimama wote wawili tukiichungulia. Nilisikia baridi mgongoni, na moto uko pale pale. Tambi mpya ziko kwenye kamba. Mama amezilinda mwenyewe, na fimbo ya kufukuzia kuku.

Jumapili, 9 Juni
Tumetoka kanisani, nimepakua. Tambi, supu, soya sosi kidogo, yai, majani ya kitunguu.

Josefina ameinusa. Akavuta tambi moja kwa mdomo, ndefu, kwa sauti. Mama akatazama pembeni. Kula kwa kelele kwake ni kukosa adabu. Josefina akavuta nyingine. Akainua bakuli akanywa mpaka chini.

Tukasubiri. Mama alikuwa ameshika rozari, hasali, ameishika tu. Hakuna kilichorudi. Machozi yamenitoka, sikujificha.

Sasa ni mchana. Mama anamega ugali wake, anachovya kwenye supu iliyobaki, anatikisa kichwa. Kesho ni mzani wa nesi. Sijui utasema nini.

Josefina amelala, anakoroma. Tangu tuoane huwa namsukuma anyamaze. Leo nimesogeza kiti karibu, nasikiliza.